Yaya, Hata Wanene Tuna Macho ya Papa

Yaya Mugisho, kaka yangu mukubwa,

Kama kule walikurudishia macho, soma hii barua mwenyewe. Kama bado, tafuta malaika mumoja mwenye alifika hata secondaire, akusomee polepole, na umwambie asisahihishe kitu. Ninajua utaanza kutafuta makosa. Wewe ulikuwa mwalimu. Mimi niliachia masomo darasa la tano, cinquième primaire, ile siku mwalimu aliniambia nichague kati ya kicheko na darasa. Nilifikiri nilichagua vizuri. Sasa sijui tena.

Ninaandika na herufi kubwa kama za mutoto, nimekaa kwenye dirisha, kiti kimegeukia mwangaza. Si kwa kupendeza. Ni juu ya mustari: unanitoroka. Nikifika mwisho wake, ule wenye kufuata ninautafuta na kidole, sawa vile wewe ulikuwa unatafuta sahani.

Eh. Umeshaelewa. Ulikuwa unaelewa haraka kuliko sisi wote, njo maana tulikuwa tunakuchokoza.

Acha nikupe kwanza habari za nyumbani. Hapa mutaani Cimpunda, jirani yako wa chini aliongeza chumba cha mbao mupaka ndani ya njia. Sasa kwa kushuka kuteka maji kwenye robinet, watu wawili hawapishane bila kugusana vifua. Mimi wananipitisha kwa ubavu, kama godoro. Kwaya ya paroisse ilipata kinanda kipya, sauti zao ni zilezile za mbuzi. Nafasi yako pale kanisani, benchi la pili, ninaikalia mimi, na hakuna mwenye alithubutu kunikataza.

Lakini si njia tu imekuwa nyembamba, Yaya. Ni dunia. Ninaangalia kama mutu mwenye anachungulia ndani ya tuyau ya maji. Mbele yangu kuko sawa: ninaona pua ya mutu, ninaona kifungo cha shati lake, ninaona hata kama kilishonwa vibaya. Kandokando hakuna kitu. Watu wanafikiri ni giza. Si giza. Hakuna tu. Watu wananitokea mbele kama wametupwa na mutu, mbuzi pia, pikipiki pia. Juzi nilisimama katikati ya arusi nzima bila kujua, nikidhani ni kelele za radio, mupaka bibi-arusi mwenyewe akanikanyaga.

Wewe ulituambia hii mambo. Ulituambia vizuri, na français juu yake. "Ninaona katikati tu," ulisema. "Kando mulinikatia." Na mimi nilikujibu nini? Ulikuwa unaona kifungo chenye kimeanguka chini ya mashini yangu ya kushona, halafu unatoka unagonga ng'ombe ya watu barabarani. Nikasema mbele ya wote: "Huyu Yaya ni kipofu wa kuchagua. Kazi haioni, bière anaiona." Wakacheka. Wewe pia ulicheka. Ulikuwa unacheka kwa adabu, ninaona sasa.

Na ile glasi. Hiyo haujui, ao ulijua ukanyamaza. Siku ya Noël ya mwisho nilikuwekea glasi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, upande wa kushoto, kisha nikaisukuma kidogo, mbali na mukono wako, kwa kukupima kama unatudanganya. Mukono wako ukapapasa, ukapapasa. "Cirhuza, uliihamisha." Mimi: "Hapana, Yaya, iko palepale." Mara tatu niliisukuma. Kwa padri niliungama zambi zingine zote, hata zile za kupendeza. Hiyo niliibakisha. Leo ninaitoa kwako, juu padri hakuwa na kiu siku ile. Ni wewe ulikuwa na kiu. Nisamehe.

Sasa nikuambie kosa lenyewe, lile lenye limenifungia ndani.

Tulipomaliza kilio chako, jamaa iliamua kuvaa kitambaa kimoja, kama kawaida yetu, na mushonaji ni nani? Ni mimi. Nikapima watu wote pale uani, kuanzia wazee mupaka vitoto vyenye kamasi. Na munganga wa macho mwenye alikuwa anakutunza alikuwa ameshatuma neno: ndugu wote na watoto wote wa marehemu waende kupimwa, juu hii ugonjwa yako ya macho, glaucome, inatembea ndani ya damu ya jamaa, na inatembea bila kupiga hodi. Watu walikuwa na woga. Kwenda kupimwa ni siku nzima kwenye benchi, halafu ni kujua. Hiyo ya kujua njo nzito. Basi wakaniangalia mimi, juu ukiisha wewe, mukubwa wa jamaa ni mimi. Masikini jamaa.

Na mimi, metre yangu ya kupimia nguo shingoni, nikatoa hukumu. Nilisema: "Papa alikuwa mwembamba kama fito, akakufa anapapasa kuta. Mugisho alikuwa mwembamba kama Papa, na mumeona. Wengine sisi tulimufuata Mama, Mungu amurehemu pamoja na mwili wake wote. Huu ni ugonjwa wa wenye kukonda. Mujipange, nipime!" Nikaweka mupaka: quatre-vingt-dix, sentimita tisini, kwenye kiuno. Mwenye iko chini, aende kwa munganga. Mwenye iko juu, aende kula. Yaya, walicheka mupaka wakakaa chini. Na wakajipanga kweli! Nilimuona mutoto wa shangazi anasukuma tumbo mbele kwa nguvu zote ili avuke. Nikamwambia: "Wewe toa pumzi, hatuko kwenye frontière ya kuvusha magendo."

Ilikuwa mucheko. Lakini ilikuwa pia neno la mukubwa wa jamaa, na hakuna mwenye alinifundisha kwamba hivyo viwili havikae ndani ya kinywa kimoja. Wembamba walienda kupimwa, wawili wakapewa dawa, na watu wakasema: "Munaona? Cirhuza anajua." Sisi wanene watano tukabaki nyumbani na amani yetu. Mimi. Nsimire, binti yangu. Bahati, mutoto wako mwenyewe, mwenye depot ya kuuzia mbao kule Miti, nje ya Bukavu. Na wale mapacha wa shangazi. Nsimire aliniuliza kando: "Papa, kweli mimi nisiende?" Nikamujibu: "Wewe na huo mwili? Ugonjwa utapitia wapi?" Akacheka, akarudi kwenye mananasi yake ya kisiwa cha Idjwi, yenye anapokea kwenye mashua kila asubuhi.

Miaka ikapita. Nikaanza kugonga vitu. Mulango, mama za watu, gari lenye limesimama. Kila mara nikigonga ninakimbilia sindano. Unajua ile mambo yangu: ninainua sindano mbele ya watu, ninaingiza uzi mara moja, bila miwani. "Mumeona? Macho ya kijana!" Wanapiga makofi. Na kweli uzi uliingia, juu tundu la sindano liko katikati, na katikati yangu ilikuwa bado nzima. Nilikuwa ninajipima pale tu ugonjwa haujafika, kama mutu mwenye anachungulia sahani yake anasema njaa haiko inchini.

Halafu nikaanza kukonda kidogo. Uzee tu. Lakini Yaya, woga wenye ulinikamata! Mimi mwenyewe nilipojipima nikakuta quatre-vingt-quatorze, tisini na nne, nikakimbilia sahani. Bugali mara mbili, samaki za sambaza, majani ya sombe yenye kuogelea ndani ya mawese. Ninakula sina hata hamu, ninakula na machozi ya pilipili, ninajijaza kama mutu mwenye anapanga mawe nyuma ya mulango ili mwizi asiingie. Kumbe mwizi alizaliwa ndani ya nyumba, alikuwa anakula na mimi.

Mwisho nikaenda kwa munganga wa macho. Peke yangu, kwa siri. Nyumbani nilisema ninaenda kutafuta uzi sokoni Kadutu. Munganga ni dada mudogo, angeweza kuwa mujukuu wangu. Akanitia dawa, akanimulikia, akapima tension, ule musukumo wa maji ndani ya jicho, akaanza kuandika. Mimi sipendi mutu mwenye kuandika bila kunichekea. Nikamwambia ile mambo yangu ya metre na kiuno, ili acheke. Hakucheka. Ni mutu wa kwanza Bukavu.

"Papa, nani alikuambia hivyo?"

"Mushonaji mumoja," nikasema.

Akanifasiria polepole, na sauti nzuri kuliko yangu. Juu ya uzito, alisema, wenye kusoma bado wanabishana: kuko wenye wanaona mutu munene tension ya jicho lake inapanda, kuko wenye wanaona mutu wa kukonda, kama damu yake iko na hii ugonjwa, mushipa wa jicho unaumia haraka. Nikafurahi kidogo kusikia wanabishana juu ya tumbo langu mupaka Ulaya. "Lakini juu ya damu hawabishane, Papa. Baba yako alikuwa nayo, kaka yako alikuwa nayo. Hapo kiuno hakiombwe mawazo. Mutu anaweza kamata mwili wa mama na macho ya baba."

Yaya, hapo nilisikia haya ya kazi. Juu hiyo mushonaji anaijua! Ninaweza kata mukono wa shati kwenye kitambaa kimoja na mugongo kwenye kingine, na nani ataangalia mukono aniambie rangi ya mugongo? Maisha yote ninakata hivyo, na sikuona kama Mungu pia anakata hivyo.

Akanipa matone. Kila siku, mupaka kufa. Akaniambia yale yenye yamekwenda yamekwenda, dawa itachunga yenye kubaki tu. Hiyo nilimeza. Kisha akauliza, bado anaandika: "Uko na watoto, Papa?"

Hapo mulango ulifungika nyuma yangu.

Juu kumwambia Nsimire ni kusema: mimi kipofu, mimi mwenye nilicheka kipofu mupaka akaingia kaburini. Watoto wa njia watanitilia ng'ombe mbele, na nitastahili. Na kumwambia ni kusema pia: miaka yote hii ungekuwa na dawa, baba yako alikuzuia kwa metre. Na kutomwambia ni nini? Sina jina lake. Nikaficha matone ndani ya mukebe wa vifungo. Wiki tatu nilikaa ndani ya ule uongo kama panya ndani ya gunia, kila upande ninasukuma, ni gunia. Nikisikia sauti ya Nsimire mulangoni, ninanyamaza. Mimi! Watu walifikiri ni malaria.

Kisha siku moja akarudi kutoka kwenye mashua na muguu umechubuka mupaka kwenye goti. "Papa, ile ubao ya kushukia, upande wake wa kushoto sikuuona. Kidogo niingie ndani ya ziwa na mananasi yote."

Upande wa kushoto, Yaya.

Nikamwambia palepale. Nilisema: "Nsimire, mimi niko napofuka. Ni ile ya tonton yako Mugisho. Na wewe iko inaanza. Tuende kwa munganga." Unajua alifanya nini? Akacheka. Akashika mbavu. "Papa, toka hapa na comédie yako! Jana uliingiza uzi mbele yangu." Nikaapa. Akacheka zaidi. Nikaapa kwa kaburi ya Mama, na ile kaburi nimeiapia mara nyingi, kwa samaki zenye sikula na kwa wanawake wenye sikuona, mupaka imechakaa, haibebe tena kitu. Nikalia. Akasema: "Hata machozi! Kweli leo umejitahidi."

Ningefanya nini? Maisha mazima nilijijengea nyumba ya kicheko, sikuweka hata dirisha. Sasa ninapiga kelele ndani, na watu wenye kupita wanasema: musikie muzee vile anafurahi.

Basi nikadanganya, juu kudanganya watu wananiamini. Nilimwambia Nsimire kama munganga anataka nije na mutu wa kushika karatasi zangu. Akakubali, ananung'unika juu ya siku yake ya soko.

Munganga akaketi mbele yangu, magoti kwa magoti. "Papa, funga jicho la kuume. Angalia pua yangu, usitembeze jicho. Ninaonyesha vidole ngapi?"

"Vidole gani?"

Nsimire akacheka nyuma.

"Na sasa?"

"Maman munganga, lete kwanza vidole, halafu tutahesabu."

"Papa!" Nsimire anasema. "Acha kusumbua mutu, kuko watu wengi kwenye benchi!"

Kisha mimi nikangojea. Nilifikiri munganga anapumzika. Sikujua kama aliuliza tena, na mukono ulikuwa juu, na chumba kizima kinaungoja mudomo wangu. Nilisikia tu kiti cha Nsimire kinasukumwa, kisha sauti yake.

"Papa, viko hapa. Kando ya sikio lako. Sema mbili."

Nikaendelea kuangalia pua ya munganga, vile aliniambia.

"Papa, sema mbili." Hakucheka. "Papa. Ni mbili. Sema."

Tangu alipokuwa mutoto sijasikia hiyo sauti. Ilikuwa sauti ya mutoto mwenye anamunong'oneza mwenzake jibu ili mwalimu asimupige. Na ningesema mbili, Yaya, ningesema kwa kumufurahisha. Lakini ni yeye nilitaka aone, si mimi.

Hakuna mwenye alimwambia aketi. Nilipotoka kwenye kiti, aliingia mwenyewe, akafungua macho. Munganga alikawia. Tension iko juu, alisema. Mushipa wa jicho la kushoto umeanza kuliwa, umeanza tu. "Tumefika mapema, maman. Si mapema sana, lakini mapema." Na Nsimire, mwenye mwili mukubwa kuliko wote mule ndani, akauliza na sauti ndogo: "Na ningekuja ile mwaka ya kilio?" Munganga ni mutu wa adabu. Alipanga karatasi zake.

Tulirudi kwa miguu kupanda Cimpunda. Alitembea mbele. Hakunipa mukono. Lakini alitembea polepole, na pale kuko ngazi alisimama, bila kugeuka, mupaka asikie muguu wangu umefika.

Sasa kila jioni, akitoka sokoni, anapitia kwangu. Anafungua chupa. Anasema: "Papa, angalia juu." Tone moja, tone lingine. Kisha anaketi kwenye kitanda changu anajitia yake, inakosa jicho inashuka kwenye shavu, anarudilia. Haniombe kumusaidia, na mimi singelenga hata kichwa. Kisha anafunga chupa anaenda. Maneno matatu kwa siku, hayo tu. Nilijaribu kumuchekesha. Nilimwambia kama munganga ametuoa wote wawili kwa mukataba wa matone. Akaangalia ukuta. Yaya, mimi nilikuwa nafikiri kunyimwa macho ni kifungo. Hapana. Kifungo ni kukaa kwenye chumba pamoja na mutoto wako, umeishiwa na maneno yote, umebaki na mucheko tu, na mucheko hautoki.

Sitamuharakisha. Yeye iko na haki ya kunikasirikia mwaka muzima. Ninangojea saa yake kila siku kama mutu wa gereza anangojea sahani, na akiniambia niangalie juu, ninaangalia juu.

Mapacha wa shangazi walienda kupimwa wiki hii, wako wazima, Mungu atukuzwe. Nsimire njo aliwapeleka. Amebaki Bahati wako. Nilimupigia simu, nikamweleza yote, polepole, sikuchanganya hata neno moja la kuchekesha. Akacheka mupaka akakohoa. "Tonton, ulinipima mwenyewe! Cent-dix, mia moja na kumi! Mimi ni wa mwisho kuogopa!" Akakata. Nikapiga tena, akasema kuko muteja.

Basi nikuage, Yaya. Pumzika vizuri, na usinitumie mutu wa kunichukua mapema, kuko kazi. Ninakuahidi kitu kimoja. Jumamosi nitapanda taxi ya Miti, na karatasi za munganga ndani ya koti. Nitamwambia mutoto wako uso kwa uso, na sura ya mutu mwenye hajachekesha hata paka. Ninajua atacheka. Akicheka, nitaomba kiti, nitakiweka kwenye mulango wa depot yake, na nitakikalia. Ule mulango ni mwembamba, na mimi bado niko munene. Hakuna mbao itatoka, hakuna muteja ataingia, mupaka Bahati avae viatu tuende.

Mudogo wako,

Cirhuza